Hina na Kalamu ya Umeme

Shati la baba yangu lilinuka plastiki iliyoungua. Mama alilifua, akalianika juani, akalifukiza udi kila Ijumaa, na bado ukilisogelea ulisikia harufu ya waya uliopata moto, safari hii ikiwa na udi juu yake. Baba alikuwa fundi umeme pale Magarama, mjini Gitega, miaka ile ambayo nyumba nyingi za mtaa wetu zilikuwa ndiyo kwanza zinavuta umeme na watu wanawasha taa mchana ili wapita njia waone. Katika mfuko wa shati hilo ilikaa testa yake, bisibisi nyembamba yenye kijitaa ndani ya mpini. Ukigusisha ncha kwenye waya wenye moto, yaani umeme, na kidole chako kikagusa kifuniko cha chuma kule nyuma, kijitaa kiliwaka rangi ya chungwa. Kwa umbo lake wengi walidhani ni kalamu kweli. Karani mmoja aliiomba atie sahihi, na baba akampa, akasimama kumtazama anavyoikwaruza karatasi, anailamba ncha, anaikwaruza tena.

Kiangazi nilipotimiza miaka tisa, baba aliniachia testa hiyo. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto wake wa pekee, na nadhani alichoka kusubiri mwingine. Akanifundisha kwamba prizi, soketi ya ukutani, ina matundu mawili: moja huwasha kijitaa, nalo ni la fazi, waya unaoleta moto, la pili hunyamaza, nalo ni la netri, waya unaourudisha. Siku moja tuliitwa Buraza kwa mwenye duka ambaye taa yake ilikataa kuwaka, nami nikakuta matundu yote mawili yanawasha. Mwenye duka alifurahi sana, akidhani amepewa umeme mara mbili. Baba akamweleza kwamba netri imekatika huko njiani, na moto umepita kwenye taa ukakosa njia ya kurudi. Juu ya yote alinipa sharti moja: kabla ya kuiuliza testa jambo usilolijua, iulize kwanza unalolijua. Igusishe mahali penye moto wa hakika. Ikinyamaza hapo, usiiamini popote. Kuuliza si ujinga, alikuwa akisema, ujinga ni kuuliza mfu.

Aliyechukizwa na mambo haya alikuwa Shangazi Mwamini, dada mkubwa wa baba, aliyeolewa Muyinga. Kwake yeye mikono ya mtoto wa kike iliumbwa kwa hina na unga. Alipomwoza binti yake alituita sote, baba aje afunge taa za uani, mimi nimsindikize bibi harusi. Tuliposhuka tu kwenye gari akaiona testa shingoni mwangu, nimeifunga kwa uzi.

"Kaka, huyu mutoto akikosea hata mara moja na hii kitu yenu, anabaki hapa kwangu. Mi nitamufundisha kupika."

"Sawa, dada," baba akajibu, maana hakuwahi kushindana naye. Nilimpenda shangazi, lakini nilikipenda zaidi kile kijitaa, na kubaki Muyinga kulikuwa na maana ya kukikosa.

Kesho yake, mchana kweupe, shangazi alinikalisha mkekani, akanipaka hina mikono yote miwili mpaka vidoleni, akaivisha mifuko ya nailoni na kuifunga kwa uzi ili rangi ikolee. Nilijiona malkia. Ndipo baba akaniita uani. Alikuwa amesimama juu ya meza akiunga waya wa taa, na mume wa shangazi alikuwa amekwenda kuzima swichi ya uani. Baba alitaka hakika. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, lakini mimi nilitaka hina na nilitaka testa, tena siku hiyohiyo. Nikapanda kiti, nikaishika testa kwa ile mikono ya nailoni, nikagusa waya, nikabonyeza kifuniko. Kimya. Prizi ya sebuleni sikuikumbuka kabisa.

"Hakuna moto, baba!"

Baba akaniamini, akaushika waya. Alianza na Bismillahi akamalizia kwa Kifaransa, akaruka kutoka mezani, akaketi katikati ya beseni la mchele uliolowekwa kwa ajili ya pilau. Mume wa shangazi alikuwa amezima swichi ya chumba cha wageni. Wanawake walipiga kelele, na juu ya kelele hizo shangazi akasema, "Si mi nilisema? Huyu anabaki." Nililia kwa sauti, si kwa sababu ya Muyinga tu. Niliogopa kwamba nusura nimuue baba yangu.

Baba akainuka, mchele umemganda matakoni, akanishika mkono. Akautazama ule mfuko wa nailoni, akaanza kucheka.

"Dada, nani alifunga hii mikono?"

"Ni mimi."

"Na testa inataka kugusa ngozi. Donke, basi, nani alikosea?"

Baba akasema na yeye amekosea, hakunikumbusha kuuliza kwanza kwenye prizi. Kisha akamtaka shangazi anifungue kidole kimoja tu, cha shahada, akioshe. Nikagusa waya uleule, nikabonyeza tena, safari hii baba amekinga jua kwa kofia yake, na kijitaa kikawaka. "Yoo!" shangazi akasema. Akaiomba testa. Jioni nzima aliijaribisha kila mahali, kwenye prizi, kwenye pasi, hata kwenye chupa ya chai, akisikitika kwamba chai haina moto. Nilirudi Gitega na vidole tisa vilivyokolea na kimoja kilichopauka, na neno la kubaki halikutajwa tena.

Siku hizi duka la Magarama ni langu. Vijana wananiletea testa zinazolia zenyewe bila kugusa chochote, nami nazikubali, zimewaepusha wengi na beseni la mchele. Lakini wanaziamini mno. Nikiwauliza kama wameanza na prizi yenye moto wananitazama kama bibi kizee. Mwaka jana nilimwoza binti yangu. Shangazi Mwamini alikuja, macho yake hayaoni vizuri tena, akataka anipake hina kwa mkono wake mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba anibakizie kidole kimoja. Akapaka kidole gumba, akakipapasa cha shahada, akakiruka, akaendelea na cha kati.

"Hiki hapana," akasema. "Hiki iko ya kazi."