Shikamoo ya Juu ya Gari

Siku ya kwanza ya kazi niliulizwa swali moja tu: kama najua kusalimia. Wakati huo Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya, Babati imejaa wageni wanaotafuta viwanja, nami nimeshachoka kupakia mahindi Maisaka na kuziba pancha stendi. Shule niliiacha darasa la tano, lakini kila chenye waya nilikifungua nione ndani kuna nini. Ndiyo maana Mheshimiwa diwani, mwalimu mstaafu, mtoto wa katekista wa Dareda, alinichukua niwe fundi wake wa matangazo.

Kazi ilitaka amplifaya, yaani mashine ya kukuza sauti, betri ya gari, na honi, zile tarumbeta za bati zinazofungwa juu ya gari. Honi isimtazame msemaji. Ikimtazama inapiga mluzi, na mkutano mzima unacheka.

Mheshimiwa alikuwa mtu wa mambo ya zamani na hakulificha hilo. Kwenye baraza la madiwani alipigania sheria ndogo ya kuzuia vilabu vya pombe kufunguliwa kabla ya saa kumi jioni. Alipinga mashamba ya ukoo kukatwa viwanja. Kijana akimwambia "mambo", hapiti mpaka aseme shikamoo. Nilimbishia sana garini, maana bia ya mchana niliipenda. Alinisikiliza, akacheka, kisha akaniambia nifunge waya.

Uchaguzi ulipokaribia, vijana na madalali wa viwanja walikuwa wameshamwacha. Walibaki wazee wa Bonga. Nao wakimkataa, udiwani umekwisha.

Tulipofika Bonga alipanda juu ya pikapu, akashika maiki.

"Shikamooni, wazee wangu."

Kimya. Nikadhani waya umekatika. Akasimama Mama Safari, bibi mkulima wa maharage aliyeheshimiwa pale kuliko mwenyekiti wa mtaa.

"Mheshimiwa, hiyo shikamoo umeitupa kutoka juu kama mahindi ya kuku. Sisi tuidonoe?"

Watu wakaangua kicheko, madalali zaidi ya wote. Mheshimiwa akanitazama, mimi nikatazama betri.

"Nishuke, mama?"

"Si wewe unayefundisha watoto wetu adabu? Shuka."

Akashuka. Waya wa maiki ulikuwa mfupi, ukamvuta njiani, akaniachia maiki akaenda bila sauti ya mashine. Aliinama mbele ya yule bibi, akampa mikono miwili. Shikamoo yenyewe sikuisikia, niliona midomo tu.

"Marahaba, mwanangu," alisema Mama Safari. "Sasa sema. Hata tukikupinga, tutakusikia."

Na kweli walimpinga, hasa kuhusu viwanja, mpaka jua likapungua, naye amekaa benchi moja nao. Kura wakampa. Nami nikatafuta waya mrefu, kwa sababu hakupanda tena juu ya gari.

Mheshimiwa alistaafu, nami nikamfuata. Honi zangu ziko hapa Bagara. Moja kuku hutaga ndani yake. Kuhusu bia bado sikubaliani naye.

Juzi mgombea mmoja kijana alipita mtaani kwetu, amesimama juu ya gari, akanitupia shikamoo kwa maiki. Nikaendelea kupepeta maharage. Akarudia, honi ikapiga mluzi. Nikamwonyesha ardhi kwa kidole. Akasita, akashuka, akaja mpaka kwenye ungo wangu, akainama.

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Sasa niletee ngazi. Honi yako inakutazama."