Babu alirudi na plau kutoka Kitale, lakini ng'ombe wa kuivuta walitoka wapi?

Salamu wakuu. Hii ni stori ya familia yangu na sijaitia chumvi.

Kwetu Sirisia ukizaliwa unapewa jina, halafu unapewa stori ya Kuka. Ndivyo tulivyomwita babu.

Inaenda hivi. Miaka ya arobaini alikuwa kibarua kwenye shamba la mzungu karibu na Kitale, akiongoza ng'ombe wa kulima. Hakuwa na kitu. Akaweka akiba, akarudi nyumbani na plau yake, akawa analimia watu kwa malipo, Sirisia hadi Myanga. Kufikia miaka ya hamsini alikuwa na duka, mashamba na nyumba ya mabati.

Mtoto akifeli mtihani anasomewa hiyo stori. Mimi nilimaliza chuo kikuu nikarudi nyumbani bila kazi, kwa hivyo nimesomewa kuliko wote.

Swali langu lilikuwa moja. Mshahara wa kibarua siku hizo ulikuwa wa shati na chumvi. Tuseme plau alinunua. Na ng'ombe?

Familia iliponipa kazi ya kusoma historia ya Kuka siku ya kujengea kaburi lake, niliuliza hilo kikaoni.

Baba mkubwa akasema, "Digrii haijakupa kazi, sasa imekupa kesi na marehemu?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, ilikuwa imeniingia.

Nikaenda Myanga kwa bibi yetu, Kukhu Nekesa, dada yake Kuka. Ndiye pekee aliyebaki wa rika lao.

Hakuzunguka. Ng'ombe walikuwa mahari yake yeye. Kwa desturi yetu, mahari ya dada ndiyo kaka anayotumia kuoa. Kuka hakuoa wakati huo. Aliuza mitamba akanunua plau, na madume akawahasi, akawafunga nira. Watu walimcheka sana, ati mwanamume mzima anajisongea ugali.

Hapo ningerudi nyumbani nimefurahi, babu alikuwa mjanja. Lakini Kukhu alikuwa hajamaliza.

Mumewe alikuwa anampiga. Siku moja akatoroka, akafika Sirisia mvua za kupanda zikiwa zimeanza. Kumwacha mume kulimaanisha ng'ombe warudishwe. Kuka alimkuta uani.

"Akaniambia, 'Dada, ngoja kwanza tumalize kulima.' Nikarudi kwa bwana. Kulima hakukuisha."

Alisema hivyo bila hasira, akichambua maharagwe.

Nikamuuliza anataka nisome nini. Nilidhani ataniambia ninyamaze.

"Sema alifanya kazi sana, si uongo. Halafu sema ng'ombe walikuwa wa Nekesa. Nitakuwa nimekaa pale mbele. Nataka kusikia."

Siku ilipofika nikasoma hivyo hivyo. Baba mkubwa aliangalia viatu vyake. Kukhu hakulia wala hakutabasamu. Spika ilikuwa imekoroma, kwa hivyo akanipungia mkono nirudie.

Nikarudia.

Kuka bado namheshimu, alilima kweli. Ila siku hizi nikiambiwa tajiri fulani alianza bila kitu, nauliza ni nani alibaki bila kitu ndio yeye aanze.

Kwenu je, stori ya tajiri wa ukoo inaanzia wapi, na ni nani hatajwi? Andikeni hapa chini. Wa kunitukana pia karibuni, baba mkubwa alishawatangulia.