Walivyomwibia Shangazi Mbuzi Wake

Shangazi yangu, dadake baba, ndiye mchekeshaji bora niliyewahi kumwona, na nimewaona wengi: wa runinga, wa redio za asubuhi, na hawa wa kwenye simu wasiokwisha. Hajawahi kupanda jukwaa lenye taa. Anauza mitumba sokoni Kithimani, kule kwetu Yatta, na wikendi watu humwita asimamie sherehe zao. Humwita harusini, kwenye uchangishaji wa karo, na hata mazishini, maana anajua kuwachekesha wafiwa bila kumkosea marehemu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini anachekesha. Nadhani ni kwa sababu yeye mwenyewe hacheki. Uso wake hubaki kama wa mtu anayengoja kuitwa na daktari. Halafu hana haraka. Atakuonyesha mzee anayeombea chakula huku jicho moja likifuata bakuli la nyama linavyozunguka. Bakuli likiwa mbali, sala inakwenda polepole, inapitia wagonjwa, wafungwa na wasafiri wa baharini. Bakuli likikaribia, "Amina" inakuja ghafla kama breki. Na sijawahi kumsikia akimcheka kiwete, wala maskini, wala mtu anayejikwaa katika Kiswahili. Akianza kumcheka mtu, anaanza na yeye mwenyewe.

Hadithi yake iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya mbuzi. Mara ya kwanza aliisimulia kwenye mazishi ya mumewe. Mumewe aliugua kwa muda mrefu, na siku tulipomzika shangazi aliombwa aseme maneno mawili. Tulijua atalia. Alisimama, akarekebisha leso yake, akasema:

"Huyu bwana alikuja kwetu kwa ntheo na mbuzi watatu. Wawili walikuwa wake. Wa tatu alikuwa wa jirani."

Watu walitazamana. Ntheo ni siku ya kupeleka mbuzi kwa kina msichana, na kwetu Ukambani bila mbuzi hao huwezi kusema umeoa. Kuazima mmoja wao si jambo la kutangaza kaburini.

"Baba yangu alikuwa amesema ni watatu ama arudi kwao," shangazi akaendelea. "Basi wazee wakapokea, wakakula, wakabariki. Asubuhi baba anaamka, anaenda kwa zizi. Anahesabu: mmoja, wawili. Anarudia, anaanzia ule upande mwingine: mmoja, wawili. Kumbe wa tatu amevuka mto, amepita soko, amefika kwao, amelala mahali pake. Baba akaita huyu bwana. 'Kijana, mbuzi wako mmoja ametoroka.' Huyu bwana akavua kofia. Akasema, 'Hapana, mzee. Huyo hajatoroka. Huyo alikuwa ametusindikiza tu.'"

Nakumbuka kicheko kilivyotoka kwa wazee wa ukoo, wakajishika midomo kwa aibu, kisha wakashindwa. Hata mchungaji aligeukia migomba mabega yakimtikisika. Shangazi alingoja. Aliwaacha wacheke hadi wakanyamaza wenyewe, ndipo akasema kwa sauti ya chini, "Nikaambia mama, nataka huyu. Sasa ametangulia. Kumbe hata mimi hiyo miaka yote nilikuwa namsindikiza tu."

Hapo ndipo tulipolia. Hadithi yake ilikuwa hivyo: inakufungua kwa kicheko, halafu inaingia.

Baada ya hapo ikawa kila sherehe anaombwa mbuzi. Aliisimulia kwenye ntheo ya binamu yangu, na siku hiyo kulikuwa na kijana kutoka Machakos mjini aliyekodiwa kupiga video. Alikuwa mpole, mwenye kamera nzuri na kicheko kinachotangulia maneno yake. Shangazi aliposhika kipaza sauti, yule kijana aliwaacha maharusi, akaja kusimama mbele yake na hakutoka hapo. Sisi wa familia tulifurahi. Tulimwongezea hata sahani ya pili ya pilau.

Mimi hufanya kazi katika kiwanda cha nguo Athi River. Siku moja wakati wa chakula cha mchana niliwakuta wenzangu wamerundikana juu ya simu, wanacheka hadi mmoja anashika ukuta. Nikauliza kuna nini. "Kuja uone huyu mathe," mwenzangu akasema. Huyo mathe, yaani mama, alikuwa mwanaume aliyevaa wigi, leso, na makalio ya sponji. Alikuwa anasema, "Mzee wangu alikuja na mbuzi watatu!"

Nikaona fahari kwanza. Kwa kupepesa jicho moja, kweli nilijisikia vizuri, kama mtu aliyesikia jina la kijiji chao redioni. Kisha nikasikia yaliyofuata. Katika hadithi yake mume alikuwa mlevi, na mbuzi hakuazimwa, aliibwa. Bibi harusi alikuwa mjinga asiyejua kuhesabu. R na L aliziponda makusudi, kama vile Mkamba hawezi kufungua mdomo bila kuwa kichekesho. Mwishowe alisema mbuzi alikuwa na akili kuliko mwanamke, maana mbuzi alitoroka na mwanamke akabaki. Alicheka yeye mwenyewe kabla hajamaliza. Nilimtambua kwa kicheko hicho. Alikuwa yule mpiga video.

"Hiyo ni ya shangazi yangu," nikasema.

"Ya shangazi yako wapi?" mwenzangu akacheka. "Huyu ni staa. Anatangaza hata unga."

Niliwaeleza habari ya mazishi, ya mto, ya kofia. Walinisikiliza kwa adabu, wakarudi kwenye simu. Chakula changu nilikifunika bila kukigusa. Sijui niielezeje hasira ile. Ilikuwa kama kukuta mtu usiyemjua amevaa koti la marehemu wenu, na analitumia kupangusa meza.

Sikumwambia shangazi. Nilidhani hatajua, kwa kuwa simu yake ni ya vitufe. Hapo nilikosea hesabu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimempendekeza asimamie harusi ya mwenzangu wa kiwandani, hapo hapo Athi River. Shangazi alikuja amevaa gauni lake la kijani la sherehe. Aliwachekesha vizuri kwa yule mzee wa sala. Kisha wazazi wa bwana harusi wakaomba hadithi ya ntheo, naye akaanza, "Bwanangu alikuja kwetu na mbuzi watatu..."

"Hiyo tumeiona kwa simu!" kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

Watu wakacheka. Shangazi alidhani ni mzaha wa kawaida, akaendelea kidogo. Msichana mmoja wa meza ya mbele akamwambia, tena kwa upole kabisa, "Mum, hiyo ni ya mtu. Usimwige, tafuta yako."

Nilimwona shangazi akinyamaza. Nimesema hana haraka, anajua kungoja, lakini unyamavu huu haukuwa wake. Alikitazama kipaza sauti, akauliza, "Ya nani?" Wakamletea simu. Alisimama pale mbele ya wageni wote, akamtazama yule mwanaume wa sponji tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha akarudisha simu kwa mikono miwili, akasema, "Asanteni. Sasa keki ikatwe."

Tulipotoka alinishika mkono. Nilidhani atasema ameaibika. Alisema, "Amemwita bwanangu mwizi."

Kwa siku nyingi nilikuwa nikimwandikia yule kijana mtandaoni. Hakunijibu. Mashabiki wake ndio walionijibu, na majibu yao nisingeyarudia mbele ya mzazi. Wengine walikuwa na maneno ya hekima: vichekesho havina mwenyewe, hadithi ni za jamii, kila Mkamba ana shangazi na mbuzi. Maneno haya hunichemsha damu mpaka leo. Jamii haikuazima yule mbuzi. Jamii haikuvua kofia mbele ya babu yangu. Kuna mwanaume mmoja aliyefanya hivyo, ana kaburi, na kaburi nalijua lilipo.

Kisha tukasikia yule kijana ana onyesho Machakos mjini, Jumapili alasiri, katika ukumbi mmoja karibu na soko. Shangazi akasema anataka kwenda. Nilimwomba asiende. "Sijawahi kuona mtu akiwa mimi," akaniambia. "Wacha nione."

Tulikaa katikati. Kijana alipotokea na wigi, ukumbi mzima ulipiga makofi. Alisimulia ya mbuzi, na watu walicheka, nisiseme uongo, walicheka sana. Nilimtazama shangazi. Alikuwa amekunja uso kama fundi anayechungulia mshono wa mwenzake. Ilipofika mahali pa babu kuhesabu, alininong'oneza, "Ameharakisha. Hapo mtu anangoja." Baada ya muda akanong'ona tena, "Ameogopa. Anacheka mapema ili wasimwache peke yake."

Baadaye tulimngoja nje. Alitoka akiwa na jinzi na fulana, jasho bado usoni, akamtambua shangazi papo hapo. Nilitegemea akane. Hakukana. Alifungua mikono yake.

"Mathe! Wewe ndio shule yangu! Mimi huambia kila mtu, kuna mathe mmoja huko Yatta ni moto!"

"Unaambia nani?" nikauliza. "Kwa video umeandika ni yako."

"Siz, pole, hii ni kontenti tu. Huwezi andika kila kitu." Akamgeukia shangazi. "Mathe, tufanye moja pamoja. Wewe unakuwa mama mkwe. Watu watakufa."

Shangazi alimtazama. "Kijana wangu, ulikula kwetu?"

"Nilikula, mathe. Pilau ilikuwa tamu."

"Mbona basi umesema bwanangu aliiba?"

Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha mapema. "Hapo niliongeza chumvi. Mbuzi wa kuazima hachekeshi vijana. Mwizi anachekesha."

"Hukumjua."

"Mathe, kwani ni mtu wa ukweli?"

Mimi ndiye niliyejibu, na kwa sauti kubwa, hata wauzaji wa mahindi ya kuchoma wakageuka. Nilimwambia ametuibia maiti. Nilimwambia mtu anayevaa makalio ya sponji ili kuwacheka mama zake hana cha kuchekesha, ana cha kuficha. Nilimwambia afute. Rafiki zake walitoa simu wakaanza kunipiga video, na nilipoona hivyo nilizidisha. Shangazi ndiye aliyenivuta.

"Kama ungeniuliza, ningekupa," alimwambia yule kijana. "Na ningekufundisha mahali pa kunyamaza."

Hakufuta. Wiki iliyofuata alitoa video nyingine, ya msichana mwenye hasira anayepiga kelele nje ya ukumbi, naye akaivalia wigi jipya. Wenzangu kiwandani waliitazama kimya nilipokuwa karibu. Huo ndio usaidizi niliopata.

Familia ilikutana kuzungumza. Baba alisema tuende kwa chifu. Binamu yangu, yule ambaye ntheo yake ilipigwa video, alisema tusahau, kwani shangazi ana hadithi nyingine kibao. Nilitaka kumrushia kikombe. Mtu akiibiwa ng'ombe, nani humwambia wewe una ng'ombe wengine? Lakini shangazi alikataa chifu. Alisema atakayesimama mbele ya chifu ni yeye, na itabidi aisimulie hadithi yote ili aithibitishe, na chifu atacheka, na itakuwa imeibwa tena.

Ya mbuzi hajaisimulia tena. Nimekuwapo watu wakimwomba, wakipiga meza. Yeye husema imeisha, anaingia nyingine. Ana moja mpya ya magoti yake mawili, ambayo anasema hayasemezani tangu mwaka jana: moja likitaka kanisani, lingine linataka kukaa. Ni nzuri. Watu wanapoteza nguvu kwa kucheka.

Ila sasa ana sharti. Kabla hajashika kipaza sauti, beseni la plastiki linapitishwa na kila mtu anaweka simu yake ndani. "Leo tutacheka na mdomo," huwaambia. Wengine hununa, wengine huondoka. Mbeba beseni ni mimi. Mwezi uliopita, kwenye sherehe moja huko Yatta, msichana mmoja aliifumbata simu yake kifuani, akaniuliza, "Kwani mnaogopa nini? Si ni vichekesho tu?"

"Weka," nikamwambia.

Akaweka. Nikaenda kuketi mlangoni mwa hema na beseni magotini, simu zikitetema ndani yake kama vifaranga. Shangazi akaanza magoti yake, na hema likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa naitazama mikono ya watu.