Kuuliza Habari ya Kifo Ukiwa na Mimba

Siku yangu ya kwanza ya kazi, chefu wa ankete, mukubwa wetu, alinipa karatasi za fishi na pikipiki ya kunipeleka kijiji cha Lusangi, akasema: "Mama Feza, wewe uliza tu. Usiwasaidie kujibu."

Ankete, ninyi vijana, ni kupita nyumba kwa nyumba, kuuliza watu maulizo yale yale na kuandika majibu yao kwenye fishi. Yetu ilikuwa ya saikolojia: mutu akikumbushwa kwamba atakufa, moyo wake unafanya nini? Wenzangu wengine walipata ankete ya mihogo, mimi nikapata ya kifo. Mama yangu wee!

Nilikuwa na mimba kubwa. Pikipiki ilinirusha mpaka mutoto akalalamika kwa mateke. Lakini niliipenda ile kazi. Kila nyumba walinipa kiti kizuri na maji, na kila nyumba jibu lilikuwa moja: "Kufa? Sisi hatuwazagi ile." Kisha wanacheka, wananiuliza nitazaa lini.

Niliporudi ofisini Kabambare, chefu alisoma fishi zangu, uso ukabadilika. "Mama, watu wote hawa hawaogopi? Hizi umejaza mwenyewe. Nitakuondoa kazini."

Nililia, sioni haya kusema. Bwana yangu alikuwa mgonjwa, kazi ile ndiyo ilikuwa chakula chetu.

Chefu hakupenda kuonea mutu. Akamutuma Mzee Ramazani, mwenzetu mwenye mvi, arudie nyumba zile zile. Yeye walimumwagia yote: hofu ya kuacha watoto wadogo, hofu ya shimo la zahabu la Salamabila kufukia vijana wao. Bibi mmoja akamugombeza: "Mulituletea mama mwenye tumbo, tumutajie kifo? Mutoto asikie? Hapana, bwana!"

Chefu alinijia mwenyewe. "Nisamehe, mama. Niliangalia majibu, sikuangalia nani anauliza." Tangu pale, juu ya kila fishi tuliandika pia muulizaji ni nani: mwanamuke, mukristu, mwislamu, mujane. Niliendelea mpaka mugongo ukakataa pikipiki.

Sasa nimezeeka, napumzika hapa Kasongo. Juzi alikuja binti mwanafunzi na ankete yake. Mama yake, jirani yangu, tulimuzika mwezi uliopita. Kichwa cha binti kilikuwa bado kimenyolewa kwa matanga. Akaniuliza: "Bibi, unaogopa kufa?"

Naogopa, watoto wangu. Naogopa sana.

Nilimushika mukono. "Hapana, mwanangu. Hata mama yako hakuogopa."

Aliandika polepole, nami nikamwacha aandike.