Sahihi ya Shangazi

Binti yangu alirudi kutoka shule, akavua viatu mlangoni, akaniambia wasichana wote wa darasa lake wamechanjwa isipokuwa yeye. Nilikuwa namenya ndizi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Shangazi amekataa."

Nikaweka kisu chini. Chanjo yenyewe ni ile ya kuwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi, na wiki nzima nilikuwa naisubiri fomu ya ridhaa ije nyumbani niisaini. Kumbe ilishapita, ikasainiwa, na aliyesaini si mimi niliyemzaa.

Hata kitenge sikukifunga vizuri. Nilikwenda shuleni, hapa hapa Kanoni, nikiongea peke yangu njia nzima. Mwalimu wake, mama mtu mzima wa kwetu, hakuona kosa lolote. "Mama, si ni mambo ya kizazi cha binti?" akasema kwa upole. "Hayo ni ya shangazi. Hata kwangu ni hivyo."

Fomu imeandikwa mzazi au mlezi, na yeye akampelekea dada wa baba! Nilichoka. Kibaya zaidi, alikuwa na hoja, maana huku kwetu binti akivunja ungo anaitwa shangazi, akichumbiwa anaitwa shangazi. Lakini shangazi wa sindano nilikuwa sijamsikia.

Nikamfuata wifi yangu kwake, binti nyuma yangu. Alikuwa ananika kahawa. Nilimwamkia shikamoo kwa sababu ni mkubwa kwangu, basi.

"Umemnyima mwanangu chanjo kwa lipi?"

"Watu wanasema inafunga uzazi," akasema, huku akigeuza kahawa.

"Huo ni uongo wa mtaani. Nesi alitueleza kwenye mkutano wa wazazi."

"Mimi sikuwepo. Nimemlinda mtoto wa kaka yangu. Na huo ugonjwa wenyewe hatujawahi kuuona kwenye familia hii."

"Umeuona," nikamwambia. "Mama yangu ulikuwa unamletea uji kila asubuhi."

Mikono yake ilisimama. "Mama yako si aliugua vidonda vya tumbo?"

Ndivyo nilivyomwambia. Ndivyo nilivyouambia msiba mzima. Mama alilala chumbani kwangu akivuja damu kwa miezi, nami nikifua mashuka nyuma ya migomba mtu asinione, kwa sababu niliona aibu kutaja sehemu hiyo mbele ya wakwe. Nilikuwa nimesahau kwamba nilidanganya. Huo uongo niliuzoea mpaka nikauona ni ukweli.

"Ungeniambia," wifi alisema taratibu. "Mimi ndiye ningempeleka huyu mtoto kwa mkono wangu."

Hasira zote nilizokuja nazo ziliniishia, nikakaa chini pembeni ya mkeka wa kahawa. Wifi akasema nesi bado anachanja pale zahanatini, kesho twende sote watatu, niweke sahihi yangu mwenyewe, naye atamweleza nesi kwamba amekosea. Nikaitikia kwa kichwa.

Binti yangu alikuwa amesimama pale pale, begi la shule bado mgongoni. Nilikuwa nimemsahau kabisa.

"Mama," aliniuliza, "na mimi ningeumwa, ungewaambia watu ni tumbo?"

Wifi akageuka kunitazama. Nilitafuta jibu, na lililokuja lilikuwa ndiyo.