Samahani Arobaini na Moja

Ukifika soko la Ndhiwa Ijumaa jioni bila saa mkononi, huna haja ya kuuliza. Tazama mlango wa Ondieki, fundi cherehani. Ukiwa wazi, jua bado lipo. Ukiwa umefungwa, Sabato imeingia, na hata ulie pale nje na suruali iliyopasuka makalioni, utasubiri mpaka Jumapili. Mama mmoja wa mahindi hupenda kusema kwamba Ondieki akifa Ijumaa atajizika mwenyewe kabla ya jioni, asije akawapa watu kazi. Husema kwa kumcheka, lakini magunia yake huanza kuyafunga papo hapo anapousikia mlango huo ukivutwa.

Ondieki aliingia Ndhiwa miaka thelathini iliyopita, kijana wa Kisii mwenye cherehani moja na Biblia moja. Akashonea shule za hapo sare, akajifunza Kijaluo cha kupatania bei, akawa mzee wa kanisa la Waadventista. Yeye na mkewe Nyarangi walijaliwa mtoto mmoja tu, Dorah. Na Dorah huyo ndiye mtu ambaye Ondieki alikuwa hajasema naye kwa miaka tisa.

Ugomvi wao ni wa kuchekesha ukiusikia kwa mbali. Dorah alikuwa chuo cha uuguzi Homa Bay. Mtihani wake wa mwisho ukawekwa Jumamosi, naye akaufanya. Habari zikamfikia baba yake kupitia watu wa kanisa, wale wasiochelewa na habari. Ondieki hakupiga kelele. Alimwambia Dorah, simama mbele ya kanisa, useme umevunja Sabato, kisha urudi nyumbani. Dorah akamjibu, "Wewe nitakuomba msamaha, Tata. Kanisa sitaliomba." Tata ndivyo Wakisii wanavyomwita baba, na hilo ndilo lililokuwa neno la mwisho kusikika kati yao.

Sasa nieleze zile sarafu, maana bila hizo hakuna kisa. Siku zile wanafunzi wa Homa Bay walikuwa wameshikwa na mchezo mpya wa sarafu za mtandaoni. Si zile za kutajirisha watu, hizi hazikununua hata chumvi. Kulikuwa na sarafu ya asante, ya pole, ya kumbatio, na ya samahani. Unamtumia mtu, ndani yake unaandika maneno machache. Maneno hayo yanakaa yamefungwa mpaka mwenyewe abonyeze "Pokea," na akibonyeza, aliyetuma anaambiwa siku na saa.

Kabla ya ugomvi, Dorah alikuwa amemwandikisha baba yake katika mchezo huo kwenye saiba ya Cate, duka la kompyuta la tatu kutoka lake, wakatumia barua pepe ya Cate kwa kuwa Ondieki hakuwa na yake. Wakapewa maneno kumi na mawili ya Kiingereza yawe ufunguo. "Ukiyapoteza, Tata, hakuna wa kukufungulia," Dorah alimwambia. Fundi haamini karatasi. Aliyashona yale maneno herufi kwa herufi kwa uzi mweupe kwenye kipande cha kitambaa, kama anavyoshona majina ya wanafunzi kwenye sweta, kisha akakishonea kipande hicho ndani ya bitana ya koti lake la kanisani. Akapokea sarafu moja ya asante, akacheka sana, akarudi kwenye cherehani yake. Mwezi uliofuata ukawa ule wa mtihani.

Baadaye Nyarangi akamletea ujumbe. Dorah alikuwa amepata kazi kwenye zahanati ya Karungu, kule ziwani, na alisema maneno yake yote ameyatuma kule kwenye sarafu. Hatayasema mara ya pili. Siku baba yake atakapoyapokea, atakuja nyumbani. Asipoyapokea, asimwite.

"Samahani ya kubonyeza si samahani," Ondieki alijibu. Aliirudia kauli hiyo kila mwaka, na kila mwaka ilimtoka kwa sauti ndogo zaidi. Kiburi kilimshika, na tusikipe jina zuri. Koti alilivaa kila Jumamosi, ufunguo ukimgusa ubavuni, na hakuufumua.

Basi Ijumaa moja mwaka huu, saa kumi na moja jioni, Cate akaingia dukani kwake mbio, kiatu kimoja mkononi, akimwita kwa Kijaluo kama anavyoitwa mzee.

"Jaduong', ule mtandao wa sarafu unafungwa leo! Saa tisa usiku wanazima kila kitu. Wametuma ujumbe tangu mwezi uliopita, na mimi hiyo barua pepe huwa sifungui. Nisamehe tu. Zile hujapokea zinapotea zote."

Ondieki hakuinua macho kutoka kwenye mshono. "Ziko ngapi?"

"Inasema arobaini na moja."

Cherehani ikasimama. Miaka yote hiyo alidhani ni moja, labda mbili. Akatazama kalenda ya kanisa ukutani, ile inayoonyesha jua litazama saa ngapi kila wiki: saa kumi na mbili na dakika arobaini na tatu. Baada ya hapo, kazi ya mashine ni dhambi, na dhambi hiyo hiyo ndiyo iliyomfukuzisha mtoto. Akaacha sare ya watu na sindano imo ndani ya kitambaa, akaita bodaboda.

Nyumbani alimkuta Nyarangi ameshapiga koti pasi na kulitundika. Akalishika, akatafuta upindo wa kushoto.

"Nipe kiwembe."

"Koti la kesho hilo! Umepatwa na nini?"

"Dorah," alisema.

Nyarangi hakuwa amelisikia jina hilo kinywani mwa mumewe kwa miaka tisa. Alileta kiwembe, akashika koti kwa mikono miwili ili lisicheze, na Ondieki akafumua mshono wake mwenyewe. Alikuwa ameushona vizuri mno, haukutaka kuachia. Alikaza, kiwembe kikapita, kikakata na bitana kwa urefu wa kiganja. Kipande kikatoka, maneno kumi na mawili yakiwa meupe kama siku ile. Wakapanda bodaboda wote wawili, yeye amevaa koti juu ya shati la kazi kwa kutojua aliweke wapi.

Saa kumi na mbili na dakika kumi na tano walikuwa wameketi mbele ya kompyuta ya Cate. Cate akaandika maneno huku Ondieki akimsomea, kidole juu ya uzi. Mtandao ukazunguka, ukazunguka. Nyarangi alikuwa anaomba kwa sauti ya chini, na Cate, ambaye ni Mkatoliki, alifanya ishara ya msalaba bila kuficha. Ukafunguka.

"Bonyeza mwenyewe," Cate alimwambia. "Mimi siwezi kupokea mambo ya watu."

Ondieki akabonyeza ya kwanza. *Tata, niliwaomba mara tatu wanipe siku nyingine. Wakakataa mara tatu. Samahani.*

Alisoma mara mbili. Hakuwahi kumuuliza Dorah kama aliomba siku nyingine. Akabonyeza ya pili haraka, ili asikae na aibu hiyo. *Niliufanya nikiwa na sketi uliyonishonea. Samahani.* Ya tano ilisema: *Leo nimepita sokoni. Mlango wako ulikuwa wazi. Nikaogopa.* Ya nane: *Nimezalisha mama mmoja asubuhi ya Sabato iliyopita, mtoto amelia vizuri. Sikuandikii kubishana nawe. Nilitaka tu ujue.* Kila moja ilikuwa na saa yake chini, na zote zilitumwa Ijumaa, dakika chache kabla ya jua kuzama. Dorah alikuwa anafunga kazi pamoja naye, kule Karungu, Ijumaa hizo zote.

Sarafu moja ilichukua karibu dakika moja kufunguka. Ondieki alikuwa anatazama skrini, kisha dirisha, kisha skrini. Alipobonyeza ya kumi na mbili, stima ikapotea.

Kompyuta ilikuwa imekufa, feni imesimama, sokoni watu wanapiga miluzi kama kawaida yao stima ikikatika. Cate akatoa simu yake, akaanza upya, neno la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la saba alikosea, ikamrudisha mwanzo. Alipofika tena kwenye sarafu, mama wa mahindi nje alikuwa anauliza kwa sauti kubwa, "Leo Ondieki amekufa? Mbona mlango uko wazi?"

Nyarangi alikuwa amesimama mlangoni akitazama magharibi. "Baba Dorah," aliita taratibu. "Jua."

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika arobaini na tatu. Zilibaki ishirini na tisa.

Cate alimtazama. "Jaduong', unaweza kuniachia. Mimi Sabato yangu ni Jumapili. Nitabonyeza zote, uzisome kesho jioni."

Hilo lilikuwa pendekezo zuri, na Ondieki aliliona jinsi lilivyo zuri. Zingepokelewa, Dorah angekuja, na mzee wa kanisa angebaki msafi. Kilichomkaa kooni ni kwamba Dorah angeona saa, angejua ni mkono wa nani uliobonyeza, na angenyamaza kwa heshima kama alivyonyamaza miaka yote. Alitazama kipande cha kitambaa kwenye goti lake. Aliogopa, kweli kweli, kama mtu aliyesimama ukingoni mwa mto asioujua kina.

"Lete simu," alisema.

Akabonyeza. Mlangoni, mkewe akaanza peke yake wimbo wa kufungua Sabato, sauti ikikatika katikati na kuanza tena. Ondieki alibonyeza ya kumi na tatu, ya ishirini, ya thelathini, machozi yakimwanguka kwenye koti, hakuyafuta. Ya arobaini na moja ilisema: *Hii ni ya mwisho, Tata. Sijakasirika. Nimechoka tu kupiga hodi.*

Simu ya Nyarangi ikalia. Akatazama jina, akampa mumewe.

"Tata?" Sauti ilikuwa ya mwanamke mzima, na Ondieki hakuwa amejiandaa kwa hilo. "Hapa wameniandikia umepokea saa moja na dakika kumi na saba."

"Ndiyo."

"Jua lilizama, Tata."

"Najua. Nililiona likizama."

Kisha Dorah akasema, "Kesho niko zamu ya usiku. Asubuhi ninaweza kufika."

"Utatukuta kanisani," Ondieki alisema. "Uje ukae na mama yako. Kuna jambo nitakalosema pale mbele, na ningependa ulisikie."

Asubuhi yake upindo wa koti ulikuwa unaning'inia, bitana imetoka nje na nyuzi zake. Sindano ilikuwapo, uzi ulikuwapo, na mshono wenyewe ulikuwa wa dakika tano. Hakuushona, kwa sababu ilikuwa Sabato. Nyarangi alitaka autie pini, akakataa hata hiyo.

Fundi bora wa Ndhiwa akaingia kanisani na koti lililochanika, watu wakageuka, na wanaokaa nyuma wakanong'onezana. Dorah alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa na mama yake mstari wa tatu. Macho yalikutana, Ondieki akainamisha kichwa kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

Ulipofika wakati wa matangazo aliinuka, akaenda mbele, akashika meza.

"Ndugu zangu, jana jua lilizama nikiwa kazini," alisema, na hapo sauti ikamwisha.

Kanisa zima lilisubiri. Kisha Dorah akatoka kwenye kiti chake, akapita katikati ya watu wale wale ambao hakutaka kuwaomba msamaha, akasimama upande wa kushoto wa baba yake. Akaushika ule upindo uliochanika, akauinua mahali pake, akaushikilia hapo kwa mkono wake mpaka baba yake alipomaliza kusema.