Kitambaa Nilichokipinda kwa Uzi Mweupe

Nilipokuwa darasa la sita nilipandisha bendera ya taifa shuleni kichwa chini. Bluu ilikuwa juu na kijani chini, na mimi nimesimama chini ya mlingoti kifua mbele, sina habari. Mwalimu wa zamu aliacha shule nzima imalize wimbo wa taifa, ndipo akaniita. Viboko nimevisahau. Kicheko cha wenzangu sijakisahau, na tangu siku ile sishiki bendera ya aina yoyote bila kuiangalia mara mbili.

Kwa hiyo nilipopata kibarua cha kushika bendera barabarani, kusini kidogo ya Miteja, niliona kazi imepata mwenyewe. Masika yalikuwa yamechukua daraja, na wajenzi wakakata mchepuko kando yake: tuta la kifusi lenye upana wa gari moja, maji kulia na kushoto, linazunguka kilima kwa mwendo wa kama kilomita moja. Mimi nilisimama upande wa Miteja. Mwenzangu, baba mmoja wa makamo aliyetoka milima ya Makonde, alisimama upande wa pili, njia ya kwendea Kilwa. Kila mmoja alikuwa na bendera nyekundu ya kusimamisha na ya kijani ya kuruhusu. Kilima kilikaa katikati yetu, hatukuonana, na pale bondeni simu hazikushika.

Mwanzoni tulipewa redio za mkononi. Zilikufa wiki ya pili, na kila tukiuliza tunaambiwa betri zinakuja. Tukarudi kwenye utaratibu wa zamani wa kazi hizi. Kuna kijiti kimoja. Ukiruhusu magari ya upande wako, gari la mwisho unalikabidhi kijiti, nalo likifika ng'ambo linamkabidhi mwenzako. Akikipokea anajua njia ni nyeupe, naye anaruhusu ya kwake. Asiye na kijiti hafungui, hata aje nani. Madereva wa njia ile walizoea, wengine walitukabidhi bila kusimama vizuri.

Siku moja utingo wa lori akakitupa kijiti majini kwa mzaha. Nilimtukana hadi nikajionea aibu. Jioni nikachukua kipande cha kitambaa chekundu kilichobaki kwa jirani yangu fundi cherehani, nikakipinda pande zote nne kwa uzi mweupe, mshono wa karibu karibu, kikatoka kizuri kweli. Nilitaka kitu ambacho mtu hawezi kukitupa kama kuni.

Mwenzangu alipokiona alikigeuza geuza. "Mama, nyekundu tena? Njia hii nyekundu zimejaa. Malori ya mbao yanafunga nyekundu kwenye mkia. Mganga wa pale juu kapandisha nyekundu na nyeupe kwenye miti yake. Magari ya msiba ndiyo hayo. Tafuta hata ya njano."

"Nyekundu inaonekana," nikamwambia. "Wewe kazi yako kupokea."

Alicheka, akanirudishia. Jibu lile nalikumbuka neno kwa neno, na sipendi kulikumbuka.

Mara moja tu utaratibu ule ulivunjwa. Alikuwa anapita kiongozi. Msimamizi alikuja mwenyewe akatuamuru tufunge pande zote mbili, asiingie hata mwenye baiskeli, na tukasubiri hadi likatokea gari jeusi lenye kibendera kidogo juu ya boneti. Watu kwenye foleni walitoka kwenye mabasi wakirefusha shingo. "Anapita nani? Anapita nani?" Mimi nilikuwa nimeinyoosha bendera yangu kama askari. Nilifurahi siku ile, sitaki kuficha.

Sasa niseme kuhusu mdogo wangu. Yeye na mumewe wanakaa Miteja, wanalima ufuta na mihogo, na walikuwa wamekaa miaka mingi bila mtoto. Mimba hii ilipokaa, hata sisi tuliogopa kuisema kwa sauti. Mimi sina mtoto wa kuzaa. Ningekuwa mama mkubwa, na kwetu mtoto wa mdogo wako ni mwanao, hakuna anayekuuliza zaidi. Beseni la kumwogeshea nilishanunua, lilikuwa chini ya kitanda changu.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Ilikuwa zamu ya upande wa pili, kwa hiyo nilikuwa nimeifunga foleni yangu kwa nyekundu, nangoja. Yakapita magari mawili madogo, kisha msafara wa msiba: magari matatu yametoka Lindi yanapeleka maiti kuzikwa mbele ya Miteja, yamefungwa vitambaa vyekundu kwenye vioo vya pembeni. Kwetu magari ya maiti hayachunguliwi. Unasimama, unainamisha kichwa, unamwombea aliyemo. Nikainamisha kichwa. Nilisikia gari la kwanza, la pili, la tatu. Nilipoinua macho yalikuwa yameshanipita, vumbi tupu.

Nikaendelea kungoja gari la mwisho lenye kitambaa changu.

Halikuja. Foleni yangu ikaanza kupiga honi. Nikajiambia huko nyuma kuna lori bovu linajikokota, litatokea tu. Ndipo nikasikia Noah inakuja kwa nguvu nje ya foleni, upande usio wake, na kabla sijafungua mdomo kumkaripia dereva nikamwona shemeji yangu anaruka kabla haijasimama.

"Shemeji, ni sisi. Fungua."

Niliangalia ndani. Viti vya nyuma vilikuwa vimelazwa. Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti, kichwa chini, na muuguzi wa zahanati amejikunja nyuma yake, mkono umeingia chini ya kanga. Muuguzi hakunisalimia.

"Kitovu kimetangulia mtoto," akasema. "Nimezuia kichwa kisikibane. Mkono huu siwezi kuutoa. Anatakiwa apasuliwe sasa hivi, tupishe tu."

"Kitambaa hakijafika," nikasema.

Nilijisikia mwenyewe nikiyasema. Shemeji alinitazama kama mtu anayetazama mgeni. "Kitambaa gani? Shemeji, huyu ni mdogo wako."

"Kuna gari ndani. Mkikutana nalo kwenye tuta hamuwezi kupishana. Mtaingia majini, na yeye humo ndani yuko hivyo."

"Mbona halionekani?" akauliza dereva.

"Ndiyo maana."

Mdogo wangu akaita. Hakupiga kelele. Aliita tu, "Dada," kama alivyokuwa akiniita utotoni akitaka nimfungulie mlango. Nikamwambia, "Nipo, mama, subiri kidogo." Nikageuka kutazama kona ya kilima. Hakuna kitu. Saa ya dereva ilikuwa mbele yake na nilikuwa naisoma kupitia dirishani. Dakika tano. Saba. Shemeji alishika bendera yangu ya kijani akataka kuniondolea mkononi, nami nikaivuta, tukavutana mbele za watu wote, watu wazima sisi. Mama mmoja kwenye foleni akasema, "Jamani, huyu mwanamke ana roho gani?" Alikuwa ananisema mimi.

Dakika kumi na mbili. Moyo uliniambia fungua, na kila uliponiambia nililiona lori la ufuta likitokea kwenye kona, nikaona Noah ikiserereka kwenye kifusi. Sikuwa jasiri wala sikuwa katili. Niliogopa pande zote mbili kwa kiasi kilekile, na mtu wa hivyo husimama tu.

Ilipofika ya kumi na tano nikajua hakuna gari linalokuja taratibu kiasi hicho. Kitambaa kilikuwa kimepotea, na huenda na mwenzangu alikuwa amesimama kama mimi. Nikamwambia dereva wa basi la kwanza asisogee hata kidogo. Nikamwambia wa Noah, "Nifuate. Kaa nyuma yangu hatua ishirini. Nikisimama, simama." Nikaingia kwenye tuta kwa miguu, nyekundu juu, nakimbia na mabuti ya kazi yaliyonizidi namba mbili.

Nilikimbia nikapita maji ya kwanza. Nyuma yangu nilisikia injini, na kila injini iliposhuka nilimsikia mdogo wangu. Nilipofika kwenye kona, lori likatokea.

Lilikuwa la ufuta, limejaa hadi juu. Nilisimama katikati nikainua nyekundu kwa mikono miwili. Breki zililia, kifusi kikamwagika majini, likasimama karibu nami kiasi kwamba nilihisi joto la rejeta.

"Mama, umechanganyikiwa?" dereva akauliza kutoka juu.

"Rudi nyuma. Kuna mzazi anakufa hapa nyuma yangu."

Hakubishana. Utingo akaruka chini, akaanza kulirudisha huku akipiga ubavu wa lori kwa kiganja: njoo, njoo, kata kulia, simama, njoo. Tairi la nyuma lilikuwa kwenye ukingo kabisa. Mimi nilitembea mbele yake hatua kwa hatua, macho kwenye lile tairi, kwa sababu likizama hakuna atakayepita. Nyuma yangu mdogo wangu alikuwa akiita bado. Kisha akaacha. Nilitaka kugeuka kuliko nilivyowahi kutaka jambo lolote, na sikugeuka. Lori liliendelea kurudi.

Tulipotokea upande wa pili mwenzangu alikuja mbio, bendera zote mbili kwenye mkono mmoja. "Nimekungoja weee, mama. Nikaona umenisahau, nikaruhusu hilo moja. Kitambaa nilikutumia zamani, kwa gari la mwisho la msiba."

Noah ikatupita. Nilichokiona ni mgongo wa muuguzi tu, bado umeinama.

Jioni shemeji alipiga simu. Mdogo wangu alipasuliwa, amepona. Mtoto wa kiume alitolewa hana pumzi. Daktari alimwambia kwamba huenda hata wangefika mapema isingesaidia, safari yenyewe ni ndefu kwa hali ile. Huenda. Neno hilo amenipa shemeji kwa nia njema, na ninalala nalo.

Asubuhi yake nilikwenda kazini. Nyumbani kulijaa wanawake na mikeka, na nisingeweza kukaa nao, wakinipa pole huku wengine wakinikata jicho. Tena nilijua shemeji atarudi na njia ile. Msimamizi alikuwa ameshatuletea dumu tupu la njano badala ya kitambaa.

Foleni yangu ilikuwa fupi. Gari la tatu lilikuwa Noah nyingine, ya kijivu, na kwenye kioo chake cha pembeni kulikuwa na kitambaa chekundu kilichopindwa kwa uzi mweupe.

Nilimwendea dereva. Alikuwa mtu wa makamo, macho yamevimba. Alitoa salamu, akasema wao ni watu wa Mtanda, kule Lindi, walikuja kumzika baba yao, sasa wanarudi.

"Hicho kitambaa umekipata wapi?"

"Tulipewa jana na mzee wa upande ule," akasema. "Magari ya mbele yalikuwa navyo, langu niliungia njiani, halikuwa nacho. Mzee akaja dirishani, akasema poleni, akanipa. Nikawaambia wenzangu, watu wa huku wana utu, ona wanavyotusindikiza." Akanitazama usoni. "Tulikosea, mama?"

Nilikuwa nimekuja na hasira nimeiandaa usiku kucha, na sikupata pa kuiweka. Mwenzangu hakupaza sauti kwa sababu alikuwa anaheshimu maiti. Huyu alishukuru kwa sababu amefiwa. Mimi niliinamisha kichwa kama nilivyofundishwa. Aliyekosea ni yule aliyeambiwa tafuta hata ya njano.

"Hapana," nikamwambia. "Hamkukosea."

Akakifungua, akakikunja mara nne, akanipa mkononi.

Mdogo wangu hadi leo hajaniuliza nilimsimamisha dakika ngapi. Ananiita dada kama zamani. Anajua kwamba kitambaa kilipotea. Nani alikishona, sijamwambia, na kila nikiwa kwake naona leo ndiyo siku, kisha nachukua ndoo naenda kumchotea maji.

Asubuhi ile nilikuwa bado nimesimama na yule bwana, gari la mwisho kutoka upande wa pili likanifikishia dumu. Dereva akasema, "Mzee amesema usifungue. Anakuja mmoja peke yake."

Nikaelewa. Nikasimama katikati ya barabara. Foleni ikangoja, honi mbili tatu zikalia, watu wakaanza kushuka kwenye basi. Kwenye kona ya kilima ikatokea pikipiki, taratibu sana, inakwepa kila shimo. Shemeji alikuwa amekaa nyuma ya dereva, amekumbatia kifuani kitu kidogo kilichofungwa kwa nguo nyeupe. Kwa kichanga hakuna msafara wala vitambaa kwenye vioo. Nyuma yake tuta lote lilikuwa tupu, mbele yake tupu.

"Wametufunga pande zote," yule bwana wa Mtanda akasema, akirefusha shingo. "Anapita nani, kiongozi?"

Niliishusha bendera hadi ikagusa chini.

"Mwanangu," nikamwambia.